Ligi ya Mabasi: Wa Kuulizwa Si Dereva Peke Yake

Wasafiri wa Bara wanalo neno moja wasilohitaji kufafanuliwa, nalo ni ligi. Hatuzungumzii ligi ya kandanda. Mabasi mawili au matatu yaliyoondoka kituo kimoja kwa wakati mmoja, yakielekea upande mmoja, yanapoanza kufukuzana na kupitana kutoka wilaya hadi wilaya, abiria huambiana kwamba leo ipo ligi. Haina mwamuzi wala kikombe, na hakuna aliyeitolea kibali. Ni mashindano ya magari yaliyo kinyume cha sheria, yanayokimbiwa mamia ya kilomita katikati ya nchi, na washiriki wake walio wengi wamekatiwa tiketi bila kuambiwa kwamba wanaingia mashindanoni.

Twalileta jambo hili leo kwa sababu limeanza kusemwa katika maofisi hapa Dodoma kama jambo lililokwisha. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo, ofisa anayekwenda Pwani hana tena haja ya kupanda basi, na asiyepanda basi ni rahisi kwake kuamini kwamba ligi imekufa. Haikufa. Imepungua upande wa mashariki, na upande wa magharibi, kuanzia Bahi kwenda Manyoni, Singida na Nzega, ingali hai kama ilivyokuwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanayo haki ya kuelezwa habari hii kwa urefu, maana wamekuwa wakiifuata njia ya Dodoma miaka yote kwa ajili ya Bunge, masomo, biashara na matibabu, na mazingira yao ya nyumbani hayakuwazoeza barabara ya namna hii. Kisiwa chote cha Unguja, kutoka Nungwi hadi kusini kabisa, hakifikishi kilomita 100 kwa urefu. Mtu angeweza kukimaliza kabla basi lililotoka Dar es Salaam halijafika Chalinze, na Chalinze kwa msafiri wa Dodoma ni kama bado yupo mjini. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 450. Hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100.

Sisi tulioisafiri njia hiyo katika miaka ya 1990 na 2000 twaikumbuka vizuri. Kituo kilikuwa Ubungo. Kabla ya adhana ya alfajiri uwanja ulikuwa umejaa, wapiga debe wakivutana na wachukuzi juu ya mizigo ya watu, moshi wa dizeli ukikaba koo, na mabasi yamepangwa midomo yote ikitazama lango. Ilipotimia saa 12 asubuhi lango lilifunguliwa, na ya Dodoma, ya Singida, ya Mwanza, ya Arusha na ya Mbeya yote yakatoka kwa mkupuo mmoja. Aliyetoka Zanzibar hakuweza kuiwahi saa hiyo kwa boti ya asubuhi. Ilimlazimu avuke siku iliyotangulia, alale kwa jamaa Kariakoo au Magomeni, na aamshwe saa 9 usiku ili asiachwe.

Hadi Kibaha kila dereva alikuwa mpole kwa sababu ya msongamano. Baada ya Chalinze tabia zilianza kuonekana. Morogoro basi liliingia na kutoka kwa haraka, na baada ya Dumila, mara milima ya Gairo inapoachwa nyuma na nchi ya Wagogo inapofunguka, mibuyu huku na huku na barabara imenyooka mpaka inapotetemeka kwa joto, ligi ilikuwa wazi. Vijana walisimama viti vya nyuma wakachungulia. Basi la wenzetu likionekana kwa nyuma, mtu alipaza sauti, "Dereva, tunakutwa!" Basi zima likacheka. Kondakta alikuwa na simu mbili masikioni akiulizia wenzake wa mbele, na magari yanayotoka Dodoma yaliwasha na kuzima taa kuashiria kwamba askari wa trafiki wamekaa na tochi yao ya kupimia mwendo. Hapo mwendo ulishuka ghafula, basi likapita mbele ya askari kwa adabu ya bibi harusi, na kilomita mbili mbele mambo yakaendelea kama kwanza.

Palikuwa pia na kusimama kwa kuchimba dawa, ambako kwa kawaida abiria walipewa dakika tano kuingia vichakani. Siku ya ligi zilikuwa mbili. Twawakumbuka akina mama watu wazima wakirudi mbio huku wameshikilia kanga zao, na honi inawapigia kana kwamba ni mbuzi.

Safari moja, katika miaka ya mwanzo ya Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, tulikaa jirani na mzee wa Kipemba, kanzu na kofia ya kiua, aliyekuwa akienda kumtazama mwanawe chuoni. Tangu Morogoro alikuwa na tasbihi mkononi. Tulipokaribia Kibaigwa alimwita kondakta kwa upole, akamwuliza, "Mwanangu, huyu nahodha wenu anakimbilia nini huko mbele?" Kijana yule, na ni sifa yake kwamba hakumjibu mzee kwa ukali, alisema, "Baba, tukitanguliwa tunakuta watu wa njiani wamekwisha kuchukuliwa. Wale ndio ugali wetu."

Twaamini jibu la kondakta yule lina maana zaidi kuliko mahubiri mengi tuliyowahi kuyasikia katika wiki za usalama barabarani. Tangu hapo hadi sasa, kila ajali inapotokea, wakuu husimama na kuwalaani madereva kwamba ni wazembe, walevi na wahuni. Wapo walio hivyo, wala hatuwatetei. Lakini dereva yule aliyekuwa akikimbia Kibaigwa hakuwa amelewa, wala hakuwa na chuki na abiria wake. Alikuwa akiwahi mama mmoja mwenye gunia la mahindi aliyesimama kando ya barabara, ambaye nauli yake isiyo na tiketi ndiyo ingemlisha yeye na utingo wake siku ile. Abiria waliokata tiketi Ubungo walikuwa mali ya tajiri. Abiria wa njiani walikuwa mali ya wafanyakazi, na wa njiani humpata anayetangulia.

Jambo la pili lilitokana na nia njema. Tangu miaka ya 1990, baada ya ajali nyingi za usiku, Serikali ilizuia mabasi kusafiri usiku, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 2023. Hatusemi lilikuwa kosa, maana usiku ule ulikuwa na usingizi, majambazi na malori yaliyoharibika bila taa. Ila tuchukue kalamu na karatasi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo wa basi la abiria usizidi kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi ya watu usizidi kilomita 50. Basi linalokwenda Mwanza, kilomita 1,100, likienda 80 bila kupunguza mahali popote na bila kusimama hata mara moja, lahitaji saa 13 na dakika 45. Lililotoka Ubungo saa 12 asubuhi, hata kwa muujiza huo, lingefika saa 2 kasorobo usiku. Ongeza chakula, mafuta, mizani, vijiji vyote vya njiani, na pancha moja. Ni nani kati ya waliopanga ratiba hizo aliyewahi kuipiga hesabu hii? Dereva aliambiwa asizidi 80 na papo hapo akaambiwa awe amefika kabla ya usiku kumfunga. Mabasi ya Bukoba na Kigoma yalikata tamaa, yakalala njiani. Ya Mwanza yalikimbia.

Wapo watakaosema kwamba tamaa ya kukimbizana ni ya binadamu wote, na kweli si yetu peke yetu. Huko Marekani, mwandishi wa habari za magari aitwaye Brock Yates aliandaa mwaka 1971 mashindano yasiyo na kibali ya kuvuka bara zima, kutoka New York hadi pwani ya California, yaliyojulikana kwa jina la Cannonball. Yeye na mwenzake Dan Gurney walishinda mwezi Novemba mwaka huo kwa kutumia saa 35 na dakika 54. Yalirudiwa mwaka 1972, 1975 na 1979, na hadi leo wapo wanaoyasimulia kwa fahari. Hata sisi tulikuwa na mbio zetu, tena halali, ile Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zisizofungwa, watoto wa vijijini wakijipanga kutazama vumbi likipita. Tofauti ni hii, nayo ni kubwa kupita zote: kila aliyekuwamo ndani ya magari yale alijiandikisha mwenyewe. Mzee wa Kipemba hakujiandikisha. Alinunua tiketi ya kwenda kumwona mwanawe.

Hatari yenyewe ielezwe kwa takwimu, maana wengi huidhani ni ya bahati. Basi linalokwenda kilomita 90 kwa saa likitaka kulipita lori refu linalokwenda 70 lahitaji sekunde zisizopungua 12 upande usio wake, na kwa sekunde hizo litakuwa limekwenda mita 300. Kama kwa mbele linakuja basi jingine kwa mwendo uo huo, nalo litakuwa limekuja mita 300. Yahitajika basi mita 600 za barabara iliyo wazi, inayoonekana yote, na siku ya ligi dereva hulipita lori huku mwenzake wa nyuma ameng'ang'ania mkia wake, kwa hiyo hata akitaka kurudi nyuma ya lori nafasi haipo tena. Katika uwanda wa Bahi macho huona mbali na kudanganyika. Unapopanda genge la Saranda kuelekea Manyoni, au unaposhuka Sekenke kwenda mbuga za Wembere, mita 600 hazionekani kabisa.

Tarehe 4 Julai 2016, mabasi mawili ya kampuni moja, moja likitoka Dar es Salaam na jingine likielekea huko, yaligongana uso kwa uso katika kijiji cha Maweni, wilaya ya Manyoni, na watu wapatao 30 wakapoteza maisha. Habari za wakati ule zilizungumzia mzaha wa madereva waliozoea kutaniana wanapokutana barabarani. Haikuwa ligi ya kufukuzana, lakini ni mtoto wa mama mmoja: barabara kufanywa uwanja wa mchezo huku watu wamefungiwa ndani. Mkoa wa Singida ulizika, tume zikasema, na mwezi uliofuata tulipopita Maweni mabasi yalikuwa yakipitana pale pale.

Wakubwa wasidhani tunawasema walio chini tu. Njia ya Dodoma inayo ligi yake nyingine, ya magari makubwa ya Serikali yenye vioo vyeusi, yanayotoka Dodoma Ijumaa mchana na kurudi usiku wa Jumapili, na ambayo hayasimamishwi na tochi. Dereva wa basi huyaona. Yanampita akiwa katika 80 yake, yakawasha taa zote, na kila lipitalo ni somo kwake kwamba sheria ya mwendo ni ya wanyonge. Nchi hii imekwisha kupoteza mengi katika barabara ile. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akirejea Dar es Salaam kutoka Dodoma kwenye Bunge. Kwa heshima ya jina hilo pekee, tungetazamia kwamba msafara wa ofisa yeyote unaopita Dakawa upite kwa utulivu.

Watu wa Visiwani katika jambo hili wanajua zaidi yetu. Meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, na Skagit karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, swali lililoulizwa katika kila baraza la Unguja na Pemba halikuwa juu ya nahodha tu. Watu waliuliza ni nani aliyeiruhusu meli iondoke gatini, nani aliyehesabu abiria, na nani aliyekula faida ya wale waliozidi. Huku Bara, basi linapopinduka, twaridhika tukiambiwa kwamba dereva amekimbia na anatafutwa.

Haki yatutaka tuseme yaliyotendeka. Zuio la usiku liliondolewa mwaka 2023, na sasa basi la Mwanza laweza kuondoka jioni na kwenda taratibu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inavyo vifaa vinavyofungwa katika mabasi kupeleka habari za mwendo wake. Kanuni zataka madereva wawili kwa safari inayozidi saa nane. Treni humfikisha msafiri Dodoma kwa saa nne au pungufu, na kwa kuwa kituo chake Dar es Salaam hakipo mbali na gati ya boti, Mzanzibari hana tena haja ya kuamshwa saa 9 usiku. Haya yote ni mema na twayapongeza.

Lakini tunapoandika haya vipande vya reli vilivyo mbele ya uwanda huu havijakamilika, na abiria wa Singida, Shinyanga na Mwanza akishuka Dodoma huingia basi lile lile. Barabara nazo zimekuwa nzuri zaidi: ya Iringa na ya Babati zilikamilika kwa lami na kufunguliwa mwaka 2018, kwa hiyo mji wetu sasa ni njia panda ya lami pande nne, na lami mpya humtia dereva moyo. Vidhibiti mwendo vilikuja, vikachezewa. Faini ya shilingi 30,000 kwa kosa imelipwa miaka mingi kama nauli ya askari, ikatolewa katika mapato ya siku na safari ikaendelea. Na ule ugali alioutaja kondakta haujabadilika. Madereva waligoma nchi nzima mwezi Aprili 2015, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa mikataba ya ajira iliyoandikwa. Wako wangapi leo wanaoingia barabarani na mshahara wa mwezi unaojulikana, kiasi kwamba abiria wa njiani akichukuliwa na mwenzao hawapungukiwi kitu? Wizara inayohusika na kazi ingeweza kulijibu swali hili ikitaka, kwa kuwa wenye mabasi wanafahamika kwa majina na leseni zao zinatolewa kila mwaka. Leseni ya njia isitolewe kwa mwenye basi asiyeonyesha mikataba ya madereva wake wote na ushahidi kwamba mishahara imelipwa.

Tena lipo jambo jepesi zaidi, lisilohitaji mitambo wala fedha za kigeni. Tochi humkamata dereva mahali pamoja kwa nukta moja, na kila dereva anajua tochi iko wapi. Saa humkamata njia nzima. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilomita zipatazo 240. Basi lililoondoka kituo cha Nzuguni saa 4 asubuhi halina njia ya halali ya kuwa Singida kabla ya saa 7 mchana, hata lisingesimama Bahi wala Manyoni. Likiwa limefika saa 6 na nusu, hakuna haja ya kubishana: limekimbia, na karatasi inasema hivyo. Kwa hiyo saa ya kuondoka na saa ya kufika ambayo haiwezi kupungua ziandikwe katika kila tiketi, ili mzee wa Kipemba naye aweze kuzisoma. Basi linalofika mapema lizuiwe kituoni hadi muda wake utimie, abiria wakiwa wamekwisha kushuka, na mwenye basi aitwe kueleza, si dereva peke yake. Ligi itakosa maana siku ile anayetangulia atakapokuta lango limefungwa.

Magari ya Serikali nayo yaandikiwe saa ya kutoka Dodoma na saa ya kufika Morogoro, katika daftari ambalo Wabunge, wa Bara na wa Visiwani, waweza kuliomba na kulisoma. Askari mmoja mwenye saa ya mkononi na kalamu anatosha kuanza kazi hiyo katika stendi ya Singida, na mwingine hapa Nzuguni. Mkuu wa mkoa hahitaji kusubiri bajeti ya mwaka ujao ili kuwapanga.